Hekima ya Baada ya Karata Kufunuliwa
Uamuzi mgumu katika mashindano ya poka hupimwa kwa yale mchezaji aliyoyajua wakati akiamua, si kwa matokeo. Hiyo ni nadharia. Katika fainali ya World Series of Poker ya mwaka 2003, Las Vegas, Chris Moneymaker, mhasibu wa Tennessee (watu wa kudai stakabadhi kwa kila senti), alisukuma chipu zake zote mezani bila hata jozi moja. Alikuwa akimtishia nyau Sam Farha, mzoefu mwenye jozi ya tisa. Farha akawaza, akasita, akatupa karata. Mhasibu akaishia na dola milioni 2.5. Watazamaji, waliooneshwa karata za wote wawili kwenye runinga, hawakuona ugumu wowote.