Heko, Mdudu wa Gemu

Wapo wanaoisifu gemu kwa picha zake, wapo wanaoisifu kwa muziki, na wapo wanaoisifu bei ikishuka. Mimi ninayelipwa kuzicheza gemu kabla hazijaiva namsifu mdudu: ile hitilafu iliyojibanza ndani ya programu, inayomzamisha askari sakafuni hadi kiunoni na kumpandisha farasi ukutani kama mjusi. Watu wazima wenye shahada zao wanakesha wakimsaka, na akionekana mbele ya wateja bosi anaitisha kikao. Kikaoni kila mtu ana wa kumtetea isipokuwa yeye. Basi leo wakili wake ni mimi. Wahenga walishaonya kwamba dudu liumalo usilipe kidole. Mimi nampa vyote kumi, na ndivyo vinavyonilisha.

Nianze na nasaba, maana hasifiwi asiye na ukoo. Wahandisi walikuwa wakimlaumu tangu karne ya 19, lakini heshima yake ya kudumu ilipatikana tarehe 9 Septemba 1947, pale nondo wa kweli, mwenye mabawa, alipokutwa amenasa ndani ya kompyuta ya Mark II huko Harvard. Waliomkuta hawakumtupa. Walimbandika kwa utepe kwenye daftari la zamu na kuandika kila kitu: saa 9:45 alasiri, swichi namba 70, paneli F. Daftari hilo limehifadhiwa hadi leo katika makumbusho ya Smithsonian, Marekani. Wangapi kati yetu tutaachiwa kumbukumbu safi kiasi hicho?

Sasa fadhila zake. Mwaka 1978 Mjapani Tomohiro Nishikado alipounda Space Invaders, mashine yake ilielemewa na kazi ya kuchora kikosi kizima cha wavamizi kwa pamoja. Mchezaji akiwapunguza, mzigo unapungua, na waliobaki wanakwenda mbio zaidi. Hakuna aliyepanga hivyo. Nishikado aliuona uzuri wa jambo hilo akaliacha likae, na ndiyo maana katika gemu ile jasho linamtoka mtu pale hasa anapokaribia kushinda.

Pac-Man ya mwaka 1980 haikupangiwa mwisho, mdudu akaiwekea. Namba ya hatua ilitunzwa katika nafasi isiyoweza kuzidi 255. Ukiingia hatua ya 256, nusu ya kulia ya kioo inafurika herufi na vipande vya picha, vidonge vya kula havitoshi kuimaliza hatua, na bingwa hana budi kwenda kulala. Mzazi gani amewahi kufaulu hivyo?

Septemba 2005 akajiingiza katika udaktari. Ndani ya World of Warcraft, mungu-nyoka aitwaye Hakkar alikuwa na maradhi ya damu yaliyokusudiwa yabaki kwenye pambano lake. Wanyama wanaofuatana na wachezaji wakayabeba hadi mijini. Wachezaji wachanga wakafa makundi kwa makundi; wengine wakakimbilia maporini, wengine wakawaambukiza wenzao kwa kusudi. Mwaka 2007 watafiti Eric Lofgren na Nina Fefferman wakalichambua tukio hilo katika jarida la The Lancet Infectious Diseases, kwa kuwa lilionyesha namna watu wanavyotenda maradhi yanapolipuka. Tusisahau kwamba mtafiti mkuu alikuwa mdudu, na hakulipwa posho.

Mahasimu wake watasema anafuta safari ambayo mchezaji ameihangaikia mwezi mzima. Sikatai. Lakini nani mwingine amefanikiwa kumfundisha mtu kuhifadhi nakala mbili? Maelekezo yameshindwa, kaka mkubwa ameshindwa. Yeye hufundisha mara moja tu.

Mheshimiwa huyu ana watumishi wawili. Wa kwanza ni programu ya wiki, iliyobuniwa na Ward Cunningham mwaka 1995 ili anayesoma ukurasa aweze kuurekebisha papo hapo. Sisi kazini tumeifanya masijala ya wadudu. Kuna ukurasa wa mbuzi: msukume hadi kwenye kona ya zizi, fungua begi, ruka, funga begi ungali hewani. Mbuzi anapaa hadi juu ya paa na kuanza kutafuna majani yasiyokuwepo. Chini yake mwanaprogramu ameandika, "Kwangu haitokei." Mwenzangu akaongeza, "Tumia padi, siyo kibodi." Mwanaprogramu akarudi: "Duh. Imetokea."

Wa pili ni podikasti, na huyo ndiye manju wake. Marafiki wawili wanakaa mbele ya maikrofoni, wanamzungumzia mbuzi saa mbili nzima, wanacheka hadi wanapaliwa, na ile habari ya kufunga begi wanaisahau. Msikilizaji anabaki kurukaruka zizini huku mbuzi ametulia. Na sauti ikishatoka, msikilizaji hawezi kuingia ndani yake kusahihisha neno; kwenye wiki anatosha mbishi mmoja.

Utukufu wa mdudu ulifika kileleni pale aliposifiwa bila hata kuzaliwa. Inasimuliwa kwamba katika Civilization ya mwaka 1991, Gandhi alipewa ukali wa kiwango cha 1. Nchi yake ikiingia katika demokrasia anapunguziwa 2, hesabu inapinduka na kuwa 255, na mpenda amani anaanza kurusha mabomu ya nyuklia. Kisa kitamu! Kurasa za wiki zikakidaka, wasimulizi wakakipamba. Mwaka 2020 Sid Meier, muundaji wa gemu yenyewe, akaandika katika kitabu cha maisha yake kwamba mdudu huyo hakuwahi kuwepo. Kitufe cha kurekebisha kilikuwa wazi muda wote. Kilichokosekana ni nondo kwenye daftari.

Hapo ndipo ninapomheshimu mdudu kwa dhati, mzaha kando. Hakubali kusimuliwa juujuu. Ukiruka hatua moja hatokei, na cheo chako au ufasaha wako haumshtui.

Kwa hiyo, msomaji, ukikutana naye usimtukane, wala usiwaandikie watengenezaji kwamba "gemu imegoma". Hata friji hugoma. Andika unatumia simu gani, toleo la ngapi, ulibonyeza nini kwanza na nini kikafuata, ulitarajia kuona nini na ukaona nini. Rudia mara ya pili kabla hujatuma. Mdudu asiyeweza kurudiwa ni uvumi, na uvumi hauna fundi.