Breki za Mashindano kwenye Mteremko wa Ngomo: Mwongozo kwa Wasiojua

Hongera, ndugu yangu. Umepata pikipiki ya mashindano, ile ambayo dereva hulalia tangi na abiria hubaki kuning'inia mkiani. Sasa unataka kuitia breki kali kabla ya kutoka Nyangezi, Kivu Kusini, kushuka Ngomo hadi Kamanyola. Fuata hatua hizi bila kuruka hata moja, na jamaa zako hawatakosa la kusimulia matangani.

1. Anza na rangi. Kalipa, yaani kile kidude kinachobana diski, iwe nyekundu na iandikwe Brembo, kampuni ya Italia iliyoanza mwaka 1961. Ukikosa kalipa, tafuta stika. Stika haivuji.

2. Chukua plaketi za mashindano, yaani vile vibao vinavyosugua diski. Hizi hushika sawasawa zikishapata moto. Zikiwa baridi hujivuta. Hilo lisikusumbue. Asubuhi ya Nyangezi ina baridi, lakini bila shaka ng'ombe wa kwanza kukatiza njia atakungoja upashe plaketi moto.

3. Mafuta ya breki yaache yalivyo. Mafuta ya DOT 4, yakiwa mapya, hayachemki chini ya nyuzi 230. Lakini hunywa unyevu wa hewani, na yakishalewa maji yanaweza kuchemka kwenye nyuzi 155 tu. Kwa hiyo yakipungua, ongezea ya chupa iliyokaa wazi masika nzima. Katikati ya mteremko, diski ikiwaka, yatatoa mvuke, na mvuke hubonyea. Utavuta mkono wa breki hadi uguse usukani, na pikipiki itaendelea na safari yake.

Fundi mwenye maneno mengi atataka kumwaga yote na kujaza mapya. Atakwambia uvute mkono na uushikilie, alegeze nati ndogo ya kalipa, povu litoke, akaze kabla hujaachia, kisha mrudie mpaka mkono uwe mgumu. Mwambie una haraka.

4. Tairi ya kipara inatosha. Breki husimamisha gurudumu. Kusimamisha pikipiki ni kazi ya tairi na ardhi. Mvua ikinyesha, udongo wa Ngomo huwa utelezi mtupu. Breki kali ya mbele itafunga gurudumu kwa ufanisi mkubwa, nawe utateremka kwa ubavu.

5. Okoa petroli. Ukifika juu, zima injini, uiachie pikipiki iteleze. Motari wazoefu, yaani wabeba abiria kwa pikipiki, hutia gia ndogo ili injini yenyewe ishikilie mwendo na breki zipumzike. Waache na uoga wao. Mto Ruzizi nao hutoka Ziwa Kivu kwenye mita kama 1,460 na kuingia Ziwa Tanganyika kwenye mita kama 770, na haujawahi kutia gia.

6. Pakia. Abiria wawili, gunia la mihogo, na mtungi wa bia kwa shemeji. Kule Goma wasukuma chukudu, yaani baiskeli za mbao zisizo na pedali, hushuka na mizigo mizito, wakikanyaga kipande cha tairi kuukuu kinachosugua gurudumu la nyuma. Wao, kwa ushamba wao, hukanyaga mapema, kabla mzigo haujashika kasi. Wewe una diski mbili. Ngoja mpaka uione kona.

Kuna njia nyingine, ya watu wasio na haraka ya kuzikwa: mafuta mapya ya breki, plaketi za kawaida ambazo hazijalika, tairi yenye meno, abiria mmoja, na gia ya pili tangu juu hadi chini. Yote hayo hayafikii bei ya kalipa moja nyekundu. Ubaya wake ni kwamba ukipita Nyawera, mjini Bukavu, hakuna atakayegeuka kukutazama, na kule Kamanyola utafika umechelewa, ukiwa na njaa, ukimdai abiria nauli.