Fundi, Ongeza Moto!

Friji la shangazi yangu wa Tanga likiugua, huugua na mtaa. Barafu zake ndizo zinazopoza juisi ya ukwaju pale kona, kwa hiyo fundi alipofika alikuta mashahidi wameshajitafutia viti.

Gesi ilivujia nyuma, mahali mrija wa chuma unapoungana na kichujio cha shaba. Akalitoa uani, akawasha tochi, akashika kijiti cha shaba yenye fosforasi. Shaba kwa shaba, kijiti hicho hakina mpinzani, hata dawa ya kulehemia hakihitaji. Kwenye chuma, fosforasi hujenga tabaka kavu lisilovumilia mtikisiko. Kiungo kilishika vizuri mpaka kompresa ilipowashwa ikatetemeka. Tukasikia “ti!”, kisha pumzi ya gesi mpya ikituaga.

Akarudi na kijiti chenye fedha asilimia 45. Bei yake alinivuta pembeni kunitajia, shangazi asisikie.

Hapo ndipo vituko vilipoanza. Fedha iliyeyuka, lakini haikutambaa. Ilijikunja vidonge vidonge, ikateleza kama maji juu ya jani la yugwa, ikamdondokea fundi kwenye kandambili. Akaruka. Jirani akapaza sauti: “Ongeza moto, fundi!” (Sijawahi kuona kazi ya fundi ambayo watazamaji hawaitibu kwa kuongeza moto.) Akaongeza. Chuma kikazidi kuwa cheusi, dawa ikaungua ikageuka gaga, na fedha ikasusa kabisa.

“Mwanangu,” shangazi akauliza, “mikono uliosha?”

Kimya. Sahani ya vitumbua ilikuwa tupu pembeni, na vidole vya fundi viling'aa mafuta. Vidole hivyohivyo ndivyo vilivyoushika mrija, ambao nao ulikuwa bado na rangi nyeusi ya kiwandani. Fedha iliyoyeyuka hushika metali tupu. Mafuta, rangi na kutu haina habari nazo, hata uiyeyushe ya mahari.

Akatumwa bombani na sabuni. Mrija ukapigwa msasa hadi chuma kikatakata, ukafutwa mafuta, ukaingizwa kwenye shaba ukiacha mwanya wa kama sehemu ya kumi ya milimita, dawa ikapakwa upya. Safari hii moto ulianzia kwenye shaba, maana shaba hulitorosha joto upesi, ndipo ukagawiwa chuma. Dawa ikachemka, ikatulia, ikawa angavu: dalili kwamba joto limekaribia nyuzi 600. Moto ukaendelea kidogo, kijiti kikaguswa kwenye mrija, si kwenye ndimi za moto, na fedha ikanyonywa mwanyani yenyewe. Jirani akasema, “Si niliwaambia?”

Fundi akaomba maji ya moto, kwa sababu masalia ya dawa hula chuma na huweza kuziba tundu kwa muda likaonekana zima. Shangazi akaleta birika, vikombe na sukari. Maji yote yakaishia kwenye mrija. Sukari akairudisha ndani, na vitumbua vilivyobaki huko akavifunika.