Mume Wangu Akishapita Segera

Nimeolewa na wanaume wawili wenye pasipoti moja. Wa kwanza naishi naye Bielefeld, Ujerumani. Anaosha vyombo, anapiga pasi mashati yake, anajua taka za karatasi zinakwenda pipa gani na za plastiki pipa gani, na kila Jumamosi anasugua choo huku akiimba. Wa pili namwona Desemba tu, wiki tatu, nyumbani kwao karibu na Soni. Huyo wa pili hajui jiko liko upande gani wa nyumba.

Nimewachunguza kwa miaka tisa na sasa najua wanapopokezana. Ni Segera. Tukiondoka Dar na basi la alfajiri, Chalinze bado ananiuliza kama nina kiu. Segera, pale barabara ya Tanga inapochepuka, anaanza kukohoa kile kikohozi cha wazee wa baraza. Korogwe hasemi neno. Mombo tukishuka anasimama kando ya mabegi, mikono nyuma, anayatazama kama mzigo wa abiria mwingine, mpaka wadogo zake waje wayabebe. Mfalme Kimweri ye Nyumbai alitawala milima yetu yote ya Usambara kutoka Vuga, lakini sidhani kama aliwahi kuingia Vuga kwa maringo yale.

Na hilo basi lenyewe tunalipata kwa taabu. Msambaa anayekwenda kwao Desemba anasafiri kwa hisani ya Wachaga, maana barabara ni moja, na wao, kama utani usemavyo, wanakwenda kwao kuhesabiwa. Nafasi zote wamekata tangu Novemba. Tunalipa nauli ya Moshi, tunashuka Mombo, na kondakta anatuonea huruma kama watu tulioishiwa hela njiani.

Jirani yetu wa Bielefeld, bibi wa miaka sabini na kitu, hutuaga kila mwaka kwa wivu usiofichika. "Mnakwenda kwenye jua!" Kwake Afrika yote ni ufuo wa bahari. Nimemweleza kwamba Lushoto yetu iko karibu mita 1,400 juu ya bahari, na kwamba Wajerumani wenzake waliipenda kwa sababu hiyo hiyo, wakaiita Wilhelmstal. Hanisikii. Kwake Desemba ni theluji, kwa hiyo kwetu ni jua.

Ukweli ni kwamba mimi nasikia baridi Soni kuliko Bielefeld. Bielefeld nje ni sifuri, ndani kuna hita, nyuzi ishirini na moja, natembea na fulana. Soni usiku nje ni kumi na nne, na ndani ni kumi na nne vile vile, tofauti ni kwamba ndani hakuna nyota. Ukungu unaingia dirishani bila hodi. Nikiomba blanketi la pili, wifi yangu anacheka mpaka anashika mlango. "Wewe wa Ulaya unaogopa baridi ya huku?" Blanketi halijaja. Mume wangu analo moja zito, alilopewa na mama yake, maana yeye ni mgeni.

Mimi si mgeni. Mimi ni mke wa mtu. Asubuhi ya kwanza, masikio yangu bado yamezibwa na ndege, nasikia mama mkwe anakohoa nje ya mlango, na kikohozi hicho kina maana moja tu: moto haujawashwa. Kuni ni za mwati, zimenyeshewa. Napiga magoti mbele ya mafiga, napuliza. Moshi hautoki kwenye tundu lake, unanifuata mimi. Nikihamia kushoto nao unahamia kushoto. Wifi ananiangalia ninavyosonga bada ya watu ishirini na sita. Najua anaangalia kama Ulaya imenilegeza mikono. Mwiko ni mrefu kama kasia, na bada ya muhogo ikishaanza kukaza si mchezo, inauvuta mwiko kama ng'ombe anayekataa kuingia zizini. Asubuhi hiyo hiyo mtu mmoja ameniambia nimepungua sana, huko hamli? Mwingine ameniambia nimenenepa, maisha si ndiyo hayo. Nimewashukuru wote wawili.

Wakati huo zumbe wangu, yaani chifu kwa Kisambaa, yuko barazani. Naomba nieleze kazi ya mume wangu. Ni muuguzi katika nyumba ya kutunzia wazee. Ni kazi ngumu na ya heshima, anawaogesha, anawalisha, anawageuza usiku wasipate vidonda. Lakini kijijini mama yake alishatangaza kwamba ni daktari, na yeye mwenyewe hajapata nafasi ya kusahihisha. Miaka tisa hajapata nafasi! Siku ya pili tu wagonjwa wanaanza kuja. Anawakaribisha kwenye kiti cha plastiki, anawabonyeza goti, anafumba macho kidogo, kisha anatoa dawa yake, ambayo ni moja kwa wote: "Punguza chumvi, unywe maji mengi." Mwaka jana ajuza mmoja alirudi siku ya tatu na jogoo. Mguu umepona, anasema, na huyu ni shukrani yako, baba. Daktari akampokea jogoo kwa mikono miwili, akamshukuru kwa maneno mazuri sana, akageuka akanipa mimi nimnyonyoe.

Sijataja zawadi. Ndege inaruhusu kilo ishirini na tatu kwa kila begi, na maombi yanaanza kuingia kwenye simu Oktoba, kabla sisi hatujakata tiketi. Raba namba 42. Simu, lakini isiwe ile ya mwaka juzi. Mashine ya kupimia presha, hii imeombwa na kanisa, kwa ajili ya daktari. Wajerumani wana utani wao tangu 1994 kwamba mji wa Bielefeld haupo, ni njama tu. Mwaka 2019 mji wenyewe ukaahidi euro milioni moja kwa atakayeleta ushahidi kwamba kweli haupo, na zawadi ikakosa mwenyewe. Nimejaribu kuwaeleza mashemeji kwamba tunaishi mahali pasipokuwepo, kwa hiyo hata mshahara haupo. Hawajacheka.

Krismasi yenyewe tunagawana. Mkesha ni kwao, sikukuu tunapanda Mlalo kwa mama yangu, kwa Noah iliyobeba watu kumi na mmoja na mtungi wa gesi. Kanisani wanapiga tarumbeta, nami nalia kidogo, kila mwaka. Halafu tunakwenda nyumbani na mama ananiambia, kaa mwanangu, umechoka. Nakaa. Nanyoosha miguu mkekani. Naletewa chai, naletewa makande, naletewa plamu zimeoshwa ziko kwenye sahani. Anayeleta ni mke wa kaka yangu, ambaye naye amefika jana kutoka Dar, kwa basi lile lile la Wachaga, na macho yake ni mekundu kwa moshi. Mume wangu ananitazama kwa jicho la pembeni. Sikuinuka. Suala la Mlalo ni suala jingine, tusilichanganye na hili.

Siku ya kuondoka mama alinijazia begi plamu. Nikamwambia, mama, tangu Desemba 2019 Ulaya hawataki abiria aingie na matunda mabichi bila cheti, isipokuwa nanasi, nazi, ndizi, tende na durian. Akauliza durian ni nini. Sikumwambia. Akafikiri kidogo, akasema: "Plamu si walizileta wenyewe? Leo wanazikataa?" Tulizila zote kati ya Mlalo na Mombo, na kona za Soni zilituadhibu.

Nilikuwa nimemwahidi jirani yetu wa Bielefeld picha ya ua lake likiwa kwao. Kwenye dirisha lake la jikoni, juu ya hita, ana vyungu saba vya ua dogo la zambarau, lenye majani ya manyoya kama sikio la sungura. Analinywesha kutoka chini, kwa kisahani, maana majani hayataki kuloa. Mwaka ule tulipohamia alipouliza tunatoka wapi, nikasema Usambara, akashika kifua: "Kama ua langu!" Kijerumani wanaliita Usambaraveilchen. Walter von Saint Paul-Illaire, mkuu wa wilaya wakati wa ukoloni, aliliona huku kwetu mwaka 1892, mbegu zikapelekwa Ujerumani, na mwaka uliofuata Hermann Wendland wa bustani za Herrenhausen, Hannover, akalipa jina la kitaalamu la Saintpaulia. Hakuna aliyeuliza cheti. Nikamwonyesha mama picha ya vyungu vya jirani kwenye simu. "Hili? Hili si ni la kwenye majabali, msituni, penye kivuli? Watu wanalinunua?"

Nimelifikiria sana ua hilo. Limekaa Ulaya zaidi ya miaka mia na thelathini, halijarudi kwao Desemba hata moja, halijaombwa raba, na baridi ikija linasogezwa karibu na hita.

Safari ya kurudi mambo hugeuka tena. Ndege ilipoiacha bahari ya Mediterania nyuma, mume wangu aliniamsha taratibu akauliza kama nina kiu. Frankfurt alibeba mabegi yote manne. Bielefeld theluji ilikuwa imefika kwenye vifundo vya miguu. Akafungua mlango, akavua viatu, akakuta vikombe tulivyoviacha Desemba, akafunga aproni kabla hajavua koti.

Jirani akaja na funguo zetu. Akatutazama, mmoja baada ya mwingine, akauliza kama likizo ilikuwa nzuri, kama tumepumzika.

"Sana," akajibu mume wangu kutoka kwenye sinki, povu mpaka viwikoni. Na hakusema uongo.