Mswaki Wenye Doa Jekundu

Jumamosi ya mwisho wa mwezi, asubuhi ya umuganda, yaani kazi za pamoja za mtaa, nilikuta doa jekundu kwenye mswaki mmoja ndani ya kikombe cha bafuni. Kwetu Niboye, hapa Kicukiro, Kigali, wekundu haumshtui mtu: vumbi la vilima hupanda hadi kwenye mapazia. Nikausuuza. Kesho yake doa likarudi, nami nikajua kuwa ni damu.

Miswaki ilikuwa minne, yote ya buluu, niliyoinunua kwa pamoja soko la Ziniya. Hakuna aliyekuwa na hakika upi ni wake. Nikawakusanya sebuleni nikauliza nani anatoka damu. Binti akasema si yeye. Mdogo wake akasema si yeye. Baba yao akatazama saa. Nami niliyeuliza nikanyamaza, maana ufizi wangu wa kushoto ulikuwa ukivuja tangu Ramadhani.

Mama mkwe, aliyetoka Ujiji kuja kuwaona wajukuu, alikuwa mkekani na kijiti chake cha mswaki mkononi. Akasema taratibu, "Wanangu, mficha maradhi kifo humuumbua."

Hapo ndimi zikafunguka. Binti alikuwa haupeleki tena mswaki nyuma kwa sababu panauma. Mdogo wake alisugua meno ya mbele tu. Baba watoto alikuwa akisukutua kwa maji matupu kwa wiki kadhaa. Wote tuliona damu, na wote tuliikimbia.

Nikaona aibu, na aibu ikanitia pupa. Jioni hiyo nilileta miswaki migumu kuliko yote dukani, nikasaga mkaa, nikachanganya na chumvi, nikawasimamia wote wasugue kwa nguvu. Jumatano mwanangu alisukuma sahani ya isombe, kisamvu chetu, akilia; kinywa kizima kilikuwa kidonda. Mimi mwenyewe, maji baridi yalinichoma mpaka kichwani, kwa sababu nilikuwa nimesugua shina la jino ambalo ufizi ulioshuka ulikuwa umeliacha wazi. Nilikuwa nimewaumiza watu wangu kwa mikono yangu.

Tukaenda kwa daktari wa meno, familia nzima. Alitukagua mmoja mmoja, kisha akaniambia, "Mama, damu ilikuwa inakuonyesha mahali ambapo mswaki haufiki."

Akatueleza. Kila siku utando laini wenye bakteria hujijenga pale jino linapokutana na ufizi. Usipoondolewa, ndani ya siku chache huanza kuwa mgumu, ukawa ugaga ambao mswaki hauwezi kuubandua. Ufizi huvimba na kutoka damu. Hatua hiyo bado inarudishika. Mwaka 1965 huko Aarhus, Denmark, Harald Löe na wenzake waliwaomba watu 12 wenye fizi nzima waache kusafisha meno. Kati ya siku 10 na 21 fizi za wote zilikuwa zimevimba. Walipoanza tena kusafisha, zilipona kwa muda wa kama wiki moja. Lakini uvimbe ukiachwa kwa miaka, unaweza kula mfupa unaoshika jino, na mfupa huo haurudi wenyewe. Kwa baba watoto, mwenye kisukari, alitia mkazo: sukari isiyodhibitiwa huzidisha ugonjwa wa fizi, na fizi zenye ugonjwa hufanya sukari iwe ngumu kushuka.

Alitutoa ugaga. Njiani baba watoto akasema, "Ni kama mtaro tunaozibua kwenye umuganda. Tope bichi unalizoa kwa koleo. Likikauka, unaita sururu." Kisha akaongeza kwamba mtaro husubiri mwezi, kinywa hakisubiri hata kesho.

Sasa kila mswaki una uzi wa rangi yake, na nywele zake ni laini. Asubuhi na usiku kabla ya kulala, dakika mbili, mswaki umeinama kuelekea ufizi, miduara midogo isiyokandamiza. Dawa ya meno ni yenye floridi, kiasi cha punje ya njegere. Tunatema povu bila kusukutua sana ili floridi ibaki kwenye meno. Hata maji yanapokatika na tunategemea madumu, nusu kikombe inatosha. Mara moja kwa siku uzi wa meno hupita katikati, mahali ambapo mswaki hauingii. Baada ya miezi mitatu, miswaki mipya.

Nilimchunguza pia mama mkwe, ambaye hakutoka damu hata siku moja. Kijiti chake ndicho kilichokipa kifaa cha plastiki jina la mswaki, na Shirika la Afya Duniani limekubali matumizi yake. Lakini nilichojifunza kwake ni utulivu. Kabla ya swala ya alfajiri hutafuna ncha ikawa nyuzi laini, kisha huenda jino kwa jino, nje na ndani, bila haraka, kama mtu anayechambua mchele.

Siku ya nane tangu tuanze utaratibu huu, ufizi wangu ulikauka damu. Wa binti ulichukua wiki mbili. Kila usiku mdogo wake husimama mlangoni mwa bafu na kuuliza swali lile lile nililouliza mimi, "Nani ametoka damu leo?" Na siku hizi anayetoka hunyoosha mkono.