Tumbili Ndiye Bwana Shamba

Ukimwona mtu huku Diani anapasua mwamba wa matumbawe kwa sururu saa saba mchana, usimuulize kitu. Ni mtu wa bara, na anatafuta pa kupanda kabichi. Huenda ni mume wangu. Kwao ni Kinangop, mita kama 2,500 juu ya usawa wa bahari, ambako sakitu huunguza viazi. Alihamia kwetu na imani moja: maji yakiwepo, chochote huota.

Kuota, ziliota. Kazi ya kabichi ni kufunga, nayo hufunga kwa shida bila baridi. Hapa hata mwezi wa saba, tunapovaa sweta kwa upepo wa kusi, joto la usiku huwa kwenye nyuzi 20 na ushei. Majani yakakaa wazi kama mwavuli uliopinduliwa. Mama alipotutembelea kutoka Msambweni, alizunguka bustani nzima, mikono mgongoni.

"Mkwe wangu, sukuma yako imenona."

"Ni kabichi, Mama."

"Basi itilie friji."

Nyanya nazo zilizaa vizuri, hilo sikatai. Ila tumbili wa Diani hali nyanya, huonja. Huchuma, akang'ata mara moja, akatupa, akashika nyingine. Baba watoto akasimamisha sanamu iliyovaa kofia yake. Asubuhi sanamu ipo, kofia iko juu ya mwembe.

Mama hapimi udongo. Kwa kila mboga huuliza mawili tu: jua italiweza? Ikiibwa, itachipua? Mabenda, kunde na mchicha hupita. Mchunga hauhitaji hata kupandwa, hujiotea, na uchungu wake ndio ua wake. Kibandameno, muhogo wetu wa siku zote, ukiuchomeka mvua za Aprili zikianza, huvuka kiangazi bila kukudai ndoo. Tumbili akiung'oa, unakata vijiti unapanda upya. Pilipili ndiyo mmea pekee anaouonja mara moja maishani.

Mwezi uliopita shemeji yangu kaja kutoka Kinangop na pakiti ya mbegu za karoti. Mume wangu akaipokea, akaigeuzageuza, akamrudishia.

"Ndugu yangu," akasema, kwa sauti ya mzee wa pwani aliyezaliwa Kinondo, "nyinyi watu wa bara mna matatizo."

Mama akaitikia kwa kichwa, akamwongezea chai.