Barua ya Wazi kwa Wakubwa wa Anga wa Washington

Kwa Mkuu,
Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Marekani (FAA),
Washington.

YAH: PONGEZI KWA KUKAGUA MARA MOJA

Mheshimiwa,

Nakuandikia hadharani kwa sababu nimesikia kwamba kwenu mambo ya usalama hukaa foleni, na foleni yenyewe husogea msiba ukitokea. Wapo wakosoaji huko kwenu waliowapachika jina la wakala wa mawe ya makaburi, wakidai hamtoi amri mpaka kwanza mtu azikwe. Naona wanawaonea, na nitawatetea. Hata asipozikwa mtu huwa mnatoa amri. Ila inakuwa nusu.

Nianze na sifa zenu. Jumatatu ya tarehe 21 Agosti 1995, ndege aina ya Embraer 120 ya shirika la Atlantic Southeast iliruka kutoka Atlanta kwenda Gulfport, Mississippi, ikiwa na watu 29. Ilipokuwa bado inapanda, kwenye futi 18,000 na ushei, panga moja kati ya manne ya propela ya kushoto lilikatika. Propela iliyopungukiwa panga haizunguki, inatikisa. Ilitikisa mpaka injini ikang'oka nusu kutoka mahali pake. Waliochungulia dirishani waliona vyuma vilivyosokotana mbele ya bawa. Marubani walipambana nayo kwa dakika tisa hivi. Ndani kulikuwa na mhudumu mmoja tu, mwanamke, aliyepita kiti kwa kiti akiwaelekeza abiria namna ya kujikunja, bila ya kuambiwa zimebaki dakika ngapi. Ndege ikaanguka shambani karibu na Carrollton, Georgia, ikashika moto. Rubani msaidizi alinasa ndani ya chumba chake, akawa anatoboa dirisha kwa kishoka cha dharura huku moto umeshamfikia. Yeye alipona. Watu tisa walikufa, baadhi papo hapo, wengine baadaye kwa majeraha ya moto.

Siku chache baadaye, Mheshimiwa, amri yenu ya dharura ikatoka: mapanga yakaguliwe. Siku chache! Mimi nimewahi kusubiri hati ya kiwanja mpaka mwembe nilioupanda kwenye mpaka ukazaa. Kwa hiyo mkisemwa kwamba ni wazito, msikubali. Mna mbio za kutosha. Mlichokuwa mnangojea ni mtu wa kupiga filimbi.

Kuna kasoro ndogo tu katika sifa hii. Panga lile lilikuwa limeshakaguliwa.

Mwezi Machi 1994, mapanga mawili ya aina ileile, yaliyotengenezwa na Hamilton Standard, yalikatika angani: moja Canada, jingine Brazil. Ndege zote mbili zilitua salama. Hapo ndipo Wakanada na Wabrazili walipokosea. Walileta panga lililovunjika bila maiti, na mezani kwenu faili likaonekana limepungua kiambatisho.

Chanzo kilijulikana, na ni cha kustaajabisha. Ndani ya panga kuna tundu refu, ambalo kiwandani walilijaza nyuzi za risasi ili uzito wa mapanga ulingane. Ili nyuzi zisimwagike, waliziba kwa kizibo cha gome la mti, ndugu wa vile vizibo vya chupa za mvinyo. Kizibo kilikuwa kimesafishwa kwa klorini kiwe cheupe. Klorini ikakutana na unyevu, ukuta wa tundu ukaanza kuliwa kutu, vikatokea vishimo vidogo, na katika kishimo ndimo ufa ulimozaliwa. Kila propela inapozunguka, ufa unaongezeka kidogo. Nje, panga linang'aa. Mashine ya mamilioni ya dola inaweza kuangushwa na kizibo, kwa sababu kuna mtu aliona kizibo cheupe kinapendeza zaidi, ingawa mahali kinapokaa hakuna jicho litakalokiona maisha yake yote.

Basi mkaamuru ultrasaundi, na mkafanya vyema. Sisi huku ultrasaundi tunaijua vizuri. Mama mjamzito wa Temeke, Dar es Salaam, akienda kliniki mara moja tu, nesi humgombeza mbele ya foleni nzima: mwezi wa nne hukuja, wa tano hukuja, unadhani mtoto amesimama anakusubiri? Nesi yule hana digrii ya uhandisi, lakini anajua kwamba kitu kinachokua hakipimwi mara moja. Ufa nao unakua. Ninyi mlilipima panga mara moja mkaridhika, na hamkudai lipimwe tena na tena likiwa kwenye ndege. Maneno haya si yangu. Bodi yenu ya Taifa ya Usalama wa Usafiri, katika ripoti yake ya mwaka 1996, iliandika kwamba kushindwa kwa kiwanda na kushindwa kwenu kudai ukaguzi wa kurudia kulichangia ajali. Bodi hiyo ina wataalamu hodari sana, nayo sheria imeiruhusu kufanya jambo moja kubwa, nalo ni kupendekeza.

Lakini hebu turudi kwenye panga lenyewe, maana ndipo penye utamu. Mwaka 1994 lilipimwa, na mashine ikapiga kelele: hapa pana kitu. Likakataliwa, likafungashwa, likapelekwa karakana ya Hamilton Standard mjini Rock Hill, South Carolina. Fundi akaingiza kamera nyembamba ya kuchungulia ndani ya tundu. Akatazama. Hakuona ufa. Sasa, mtu wa kawaida angesema mashine imesikia kitu ambacho jicho halikioni, na ndiyo sababu tulinunua mashine. Utaratibu wa karakana ulikuwa na hekima nyingine. Mapanga mengi yaliyokataliwa yalikuwa na mikwaruzo tu ya vifaa, yaani yalisingiziwa, kwa hiyo lisipoonekana kosa palipokataliwa, papigwe msasa pawe laini. Fundi akapiga msasa. Panga likapewa karatasi ya uzima, likarudi angani, likafanya kazi karibu mwaka mzima.

Wahenga wetu walituachia njia mbili tu: ziba ufa, au jenga ukuta. Hawakujua kwamba ufa unaweza kung'arishwa.

Simlaumu fundi, na ninyi pia naomba msimtupie. Alipewa kamera, msasa na maelekezo, akafuata maelekezo. Bodi ilieleza kwamba mbinu za ukaguzi za kiwanda, mafunzo, kumbukumbu na mawasiliano yake vyote vilikuwa pungufu. Ukiondoa hivyo vinne, sijui katika ukaguzi kunabaki nini zaidi ya sahihi. Na kwa upande wa sahihi hamjawahi kupungukiwa: sheria yenu inaruhusu mhandisi anayelipwa mshahara na kiwanda apitishe kazi ya kiwanda kwa niaba yenu. Nimeusoma utaratibu huo mara mbili nikidhani nimekosea ukurasa.

Nikupe pole kwa jambo la mwaka 1991, maana ni shirika lilelile, ndege aina ileile na jimbo lilelile. Tarehe 5 Aprili mwaka huo Embraer 120 ilianguka ikikaribia kutua Brunswick, Georgia, wakafa wote 23 waliokuwemo, akiwemo aliyekuwa seneta John Tower na mwanaanga Sonny Carter. Safari hiyo panga halikukatika. Kifaa cha kuongoza pembe za mapanga kilikuwa na meno mawili yanayoshikana, upande mmoja mgumu na wenye uso wa kukwaruza kuliko mwenzake, ukamsaga mwenzake hadi akaisha. Mapanga yakageuka yenyewe yakawa breki hewani. Uchunguzi ulisema muundo ulikuwa na kasoro, na kwamba ninyi mliupitisha.

Nafahamu mlikuwa katika wakati mgumu. Hadi mwaka 1996 sheria iliwapa kazi mbili: kuisimamia biashara ya ndege, na papo hapo kuinadi ishamiri. Asubuhi unamkagua mwenye duka, jioni unampigia debe. Baada ya ajali nyingine kubwa Bunge lenu likaiondoa ile ya kupiga debe. Debe lenyewe sijui lilihifadhiwa wapi.

Na msidhani kutu ilimalizika na karne. Tarehe 10 Julai 2017 ndege ya jeshi aina ya KC-130T ilikatika vipande hewani juu ya Mississippi baada ya panga la propela kuchomoka na kupasua kiwiliwili chake. Askari 16 walikufa. Panga lile lilipita katika karakana ya jeshi ya Warner Robins mwaka 2011, likiwa na kutu, likatoka likiwa na kutu. Jeshi lina wakaguzi wake, si kazi yenu, nami sitaki kuwabebesha mzigo wa jirani. Nimeitaja kwa kuwa karakana hiyo nayo iko Georgia, na nimeanza kuionea huruma Georgia.

Sasa mtauliza, haya yanamhusu nini mtu wa Dar es Salaam? Yanamhusu kwa sababu amri zenu zinavuka bahari. Ndege ndogo aina ya Cessna Caravan zinazotupeleka Mafia, Zanzibar na Seronera mbugani zilibuniwa kwenu na kupitishwa na ninyi. Kwa mpango wa kimataifa, nchi iliyosajili ndege husubiri neno la nchi iliyoibuni, kisha inawaambia wenye ndege: kagueni hiki, badilisheni kile. Kwa hiyo mkipiga chafya Washington, fundi wa Dar anashika bisibisi.

Mimi husafiri nazo. Kiti ninachokipenda ni kile cha mbele, ubavuni mwa rubani, ambacho hupewa abiria ndege ikijaa. Kabla ya kupanda humtazama rubani akizunguka ndege. Anafika kwenye propela, anapitisha kiganja taratibu kwenye makali ya kila panga, kutoka kitovuni hadi nchani, kisha la pili, kisha la tatu. Anatafuta pengo. Viwanja vya mbugani ni vya changarawe, na propela huzoa vijiwe ikijirusha navyo. Kijiwe kimoja kikitia pengo dogo kama punje ya mchele, pale pengoni ndipo nguvu zote zinapojikusanya. Akiligundua, anaitwa fundi, linapigwa tupa mpaka pawe laini, na linaandikwa kitabuni. Kazi hiyo hurudiwa kila ndege inapojiandaa kuruka. Hakuna anayemwambia rubani kwamba alishapapasa Jumanne, leo apumzike. Lakini kiganja hakiingii ndani ya tundu. Ya ndani tumewaachia ninyi.

Ndiyo maana nimejifunza kusoma amri zenu, na humo kuna sehemu ninayoipenda kuliko zote: gharama za kutekeleza. Mnaorodhesha ndege ngapi zitaguswa, saa ngapi za kazi, na fundi analipwa kiasi gani kwa saa. Kwa miaka mingi sasa mmemweka kwenye dola 85. Bei ya vyakula imepanda, kodi za nyumba zimepanda, fundi wa kwenye karatasi zenu yupo palepale, hadai nyongeza, hagomi. Mnatangaza rasimu, mnakaribisha maoni, wenye ndege wanaandika kwamba ukaguzi huu utawafilisi. Nimesoma maoni mengi ya namna hiyo. Ya panga lenyewe sijayaona.

Upande wa pili wa mizani nao mmeujaza, kwani Wizara yenu ya Uchukuzi ina waraka wa thamani ya uhai mmoja, wa kutumika kupima kama kanuni inalipa. Kwa mwaka 2023 uhai mmoja ulikuwa dola milioni 13.2. Sibishani na takwimu hiyo. Kwa kweli nimefurahi kuona kwamba nina bei, ijapokuwa ya jumla.

Hivyo naomba ufafanuzi wa mambo mawili, na ukiona inafaa nijibiwe kwa maandishi.

La kwanza: mnapopiga hesabu ya kama panga likaguliwe mara moja au kila baada ya saa kadhaa, mkaweka gharama za dola 85 upande huu na bei ya uhai mmoja upande ule, je, abiria wa Kilindoni, kule Mafia, anayekaa ubavuni mwa rubani anahesabiwa upande ule, au hesabu inaishia kwenye fukwe za Florida? Kama anahesabiwa, kwa kiwango kilekile, au kuna kiwango cha changarawe?

La pili ni dogo. Bodi iliwaomba pia mtazame upya kile kishoka cha dharura, kinapaswa kufanya kazi gani na kiwe cha namna gani. Nilicheka nilipofika hapo, Mungu anisamehe. Ningependa kujua kama kishoka kinakaguliwa mara moja, au kinarudiwa.

Wako mtiifu,

Abiria, kiti cha mbele kulia.

Nakala:
Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, kwa taarifa.
Rubani wa zamu, aendelee kupapasa.